Tabora United Kuwa TRA United: Kinachonunuliwa na Kisichonunulika Katika Klabu ya Mpira

Mkazi wa kata ya Ipuli, Manispaa ya Tabora, anayefuatilia Ligi Kuu ya Tanzania Bara ameishangilia timu moja kwa majina matatu katika kipindi kifupi. Iliingia mkoani kwake ikiitwa Kitayosce, ikajulikana kuwa Tabora United, na kabla ya msimu wa 2025/2026 ikawa TRA United baada ya kuingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Uwanja ni uleule wa Ali Hassan Mwinyi, na mashabiki wengi ni walewale. Kilichobadilika ni mwenye timu, na pamoja naye neno moja ambalo kwa wakazi wa mkoa huu lina uzito kuliko nembo na jezi: neno Tabora.

Mabadiliko hayo si tukio la mkoa mmoja. Ni sehemu ya mwelekeo mpana ambapo kampuni, taasisi na matajiri, hapa nchini na ulimwenguni, wanaingia katika klabu ambazo wananchi wamezipenda kwa miaka mingi bila kumiliki hata hisa moja. Swali la kama fedha hizo zinahitajika limeshajibiwa na hali halisi: zinahitajika. Lililobaki ni kujua nini hasa kinabadilisha mikono pale klabu inapopata mwenyewe mpya, na nini kinapaswa kuandikwa mapema ili kisipotee.

Kwa nini fedha zilihitajika

Historia fupi ya timu hii ya Tabora inatosha kueleza hitaji hilo. Kitayosce ilikuwa klabu yenye asili ya Kilimanjaro iliyohamishia makazi yake Tabora, na katika msimu wa 2022/2023 ikapanda daraja kutoka Ligi ya Championship pamoja na JKT Tanzania. Kwa Tabora hilo lilikuwa jambo kubwa. Timu ya mwisho ya mkoa kucheza Ligi Kuu ilikuwa Rhino Rangers katika msimu wa 2013/2014, ambayo ilishuka baada ya msimu huo mmoja. Kwa misimu tisa iliyofuata, mpenzi wa soka wa Ipuli alikuwa akitazama Ligi Kuu katika kibanda umiza, timu zikiwa za watu wengine.

Furaha hiyo ilipata doa mapema. Agosti 2023, katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu dhidi ya Azam FC katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, timu hiyo iliingia uwanjani ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa kuwa masuala ya usajili wa wengine hayakuwa yamekamilika. Mchezo ulivunjika ndani ya kipindi cha kwanza baada ya wachezaji wake kupungua chini ya idadi inayoruhusiwa na sheria, wakati huo Azam ikiwa inaongoza kwa mabao 4-0. Msimu huo ulimalizika kwa timu hiyo kulazimika kucheza michezo ya mtoano ili isishuke daraja.

Mwaka mmoja baadaye sura ilikuwa tofauti kabisa. Novemba 7, 2024, katika uwanja uleule wa Chamazi, Tabora United iliifunga Young Africans, mabingwa watetezi, mabao 3-1. Siku chache baada ya kipigo hicho, Yanga iliachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Klabu iliyokuwa imeshindwa kufikisha wachezaji kumi na mmoja ilikuwa sasa imetikisa moja ya klabu kubwa zaidi nchini.

Matukio hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yanaonyesha hali ya klabu nyingi za mikoani. Vipaji vipo na mashabiki wapo, lakini mfumo wa fedha unaoziwezesha kupita msimu mzima bila kuyumba ni dhaifu. Mshahara wa mchezaji, ada za usajili na safari ndefu kutoka Tabora hadi Tanga au Mbeya haziwezi kulipwa kwa kiingilio cha mlangoni peke yake. Taasisi yenye utaratibu wa mishahara, uhasibu na ukaguzi inapoichukua klabu kama hiyo, inaiondolea hatari ya kuingia uwanjani pungufu. Hiyo ni faida ambayo shabiki hapaswi kuidharau.

Kwa nini taasisi zinavutiwa na mpira

Upande wa pili wa hesabu ni thamani ya Ligi Kuu yenyewe. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huohuo Benki ya NBC ikaingia kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Jina lililo kifuani mwa mchezaji linaonekana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kila wiki. Hakuna bango la barabarani linaloweza kufanya kazi hiyo.

Kwa mamlaka ya mapato faida ina sura ya pekee. Wananchi wengi hukutana na TRA wakati wa kudaiwa: kwenye risiti, makadirio, forodha au leseni. Mpira unaifungulia taasisi hiyo mlango mwingine wa kukutana na mlipakodi, yaani mahali ambapo mwananchi anakuja kwa hiari yake, analipa kiingilio na kushangilia. Ikiwa mfanyabiashara mdogo wa Ipuli ataliona jina la TRA na kukumbuka bao kabla ya kukumbuka deni, hilo litakuwa limefanya jambo ambalo semina nyingi za elimu kwa mlipakodi hujitahidi kulifikia.

Hata hivyo, hapo ndipo tahadhari inapoanzia. Klabu inayochukuliwa kwa ajili ya jina inaweza pia kuachwa jina hilo litakapopata mahali pengine pa kuonekana. Historia ya soka la Tanzania ina mafunzo ya kutosha juu ya jambo hili.

Mafunzo ya timu za mashirika

Taasisi za umma kumiliki timu si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashirika na vyombo vya umma vilikuwa nguzo ya soka la mikoani. Wapenzi wa mpira wa umri mkubwa wanakumbuka Reli ya Morogoro, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Ushirika ya Moshi, Sigara ya Dar es Salaam na Pamba ya Mwanza. Wachezaji walikuwa waajiriwa, walilipwa mishahara, walipewa nyumba na wengine walijifunza ufundi kazini. Kwa viwango vya wakati ule, ulikuwa mfumo madhubuti.

Udhaifu wake ulionekana pale mashirika yenyewe yalipoyumba. Uchumi ulipobadilika na mashirika mengi yakaunganishwa, kubinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu zilizobeba majina yao zilipungukiwa nguvu pamoja nayo. Mji uliokuwa ukiishangilia timu haukuwa na hati, wala kiti katika bodi, wala haki ya kulirithi jina. Shirika lilipoondoka, timu iliondoka nalo.

Pamba ni mfano wa kipekee kwa sababu ilirudi. Baada ya miaka mingi nje ya Ligi Kuu, ilirejea katika msimu wa 2024/2025 kwa jina la Pamba Jiji, ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kilichoirudisha ni mji ulioendelea kuiona timu hiyo kuwa yake hata baada ya nguvu za zao lililoipa jina kufifia. Somo lake ni kwamba timu hupata maisha marefu zaidi inapokuwa na mizizi miwili, mmoja katika fedha na mwingine katika mahali.

Zipo pia timu za kampuni na vyombo vya dola zilizodumu kwa sababu hazikuutenganisha mzizi mmoja na mwingine. Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, imeendelea kuishi ikiwa timu ya kiwanda na ya watu wanaokizunguka. Tanzania Prisons imejijengea makazi Mbeya. Azam FC, iliyoanzishwa mwaka 2004 ndani ya kundi la kampuni za Bakhresa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi na kutwaa ubingwa wa msimu wa 2013/2014 bila kupoteza mchezo. Azam haikuchukua timu ya mji wowote na kuibadilisha jina. Ililijenga jina lake polepole.

Klabu zinazohama

Hali ni tofauti pale kinachobadilisha mikono ni nafasi ya kucheza ligi. Mkoa wa Singida unatoa mfano wa kueleweka kwa urahisi. Timu iliyokuwa ikiitwa DTB ilipopanda daraja mwaka 2022 iligeuka kuwa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, na leo ni Fountain Gate yenye makazi Babati, mkoani Manyara. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ambayo Novemba 29, 2022 ilivunja rekodi ya Yanga ya kucheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, ilihamia Singida katika msimu wa 2023/2024, na msimu uliofuata ikawa Singida Black Stars.

Hakuna kosa la kisheria katika hatua hizo, na Singida leo ina timu yenye nguvu. Lakini mkazi wa Ubaruku aliyeushuhudia mchezo ule wa Novemba 2022 hana tena timu ya kuihadithia watoto wake kwa wakati uliopo. Tabora nayo inapaswa kukumbuka kwamba ilinufaika na uhamisho wa aina hiyohiyo, kwa kuwa Kitayosce ilitoka Kilimanjaro. Aliyepokea timu kwa njia hiyo anajua kwamba inaweza pia kuondoka kwa njia hiyo.

Kanuni ya 51 kwa 49 na mipaka yake

Serikali imekwisha kuchukua hatua katika sehemu moja ya suala hili. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, na Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ni klabu za wanachama. Zilipoanza safari ya kuelekea mfumo wa hisa, msimamo uliowekwa ulikuwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji usizidi asilimia 49. Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 katika Simba. Yanga nayo ilipitisha mabadiliko yake katika mkutano wa wanachama mwaka 2021. Utekelezaji umechukua miaka na umeibua mijadala mingi, lakini msingi wake uko wazi: fedha ziingie, na mwanachama asitolewe nje ya nyumba yake.

Msingi huo unafanana na ule wa Ujerumani, ambako tangu mwaka 1998 wanachama wa klabu hutakiwa kubaki na wingi wa kura hata mwekezaji anapoingia. Bayer Leverkusen ni miongoni mwa waliopewa msamaha katika utaratibu huo, kwa kuwa ilianzishwa na wafanyakazi wa kampuni ya dawa ya Bayer mwaka 1904. Klabu hiyo imebeba jina la kampuni na la mji kwa pamoja kwa miaka mingi, na ilitwaa ubingwa wa Ujerumani msimu wa 2023/2024 bila kupoteza mchezo wa ligi. Jina la taasisi, kwa hiyo, si adui wa mji. Yote mawili yanaweza kukaa katika nembo moja.

Lakini kanuni ya 51 kwa 49 ina mpaka. Inamlinda mwanachama mwenye kadi. Haimlindi mkazi wa mji ambao timu yake haikuwahi kuwa na wanachama, na timu nyingi za mikoani ziko katika kundi hilo. Zilianzishwa na mtu binafsi, kituo cha vijana, kampuni au taasisi. Shabiki wa Tabora hakuwa na kura ya kupiga kwa sababu hakukuwa na daftari lenye jina lake.

Uingereza imelijibu pengo hilo kwa gharama kubwa ya uzoefu. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya London iliruhusiwa kuhamia Milton Keynes, umbali wa takriban kilomita 90, na baadaye ikabadilishwa jina. Mashabiki walioachwa nyuma walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, katika ngazi za chini kabisa, na mwaka 2011 wakaifikisha katika ligi za kulipwa. Mwaka 2025 nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Soka iliyounda mdhibiti huru. Chini ya sheria hiyo, klabu haiwezi kuhama uwanja wake bila idhini, na nchini England mabadiliko makubwa ya nembo au rangi za jezi ya nyumbani yanahitaji kuungwa mkono na mashabiki walio wengi. Sheria hiyo haimzuii tajiri kununua klabu. Inamkumbusha kwamba baadhi ya vitu alivyovikuta ndani si vyake peke yake.

Mambo manne ya kuwekwa wazi

Kwa mazingira ya Tanzania, hatua ya kwanza haihitaji kusubiri sheria mpya. Taasisi inayochukua klabu ya mkoa inaweza kuyaweka hadharani mambo manne tangu mwanzo.

La kwanza ni makazi. Wananchi wanastahili kujua kama timu itaendelea kucheza katika mkoa wake, na kwa muda gani. Ahadi ya misimu kadhaa iliyoandikwa ina maana kubwa kwa mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye nyumba ya wageni kuliko hotuba ya siku moja, kwa kuwa siku ya mechi kwao ni siku ya kipato.

La pili ni jina na kumbukumbu. Pale jina la mji linapoondolewa katika jina rasmi, linaweza kubaki katika nembo, katika jezi ya nyumbani au katika timu ya vijana. Gharama yake ni ndogo, na inamwambia shabiki kwamba ushindi wa Novemba 7, 2024 bado ni sehemu ya historia ya timu anayoishangilia.

La tatu ni vijana. Tabora imewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na shule zake zina jina kubwa katika historia ya elimu nchini. Timu ya Ligi Kuu isiyokuwa na njia ya kumpeleka mtoto wa Ipuli kutoka uwanja wa shule hadi kikosi cha kwanza inabaki kuwa mgeni mkoani, hata kama anakuja kila wiki mbili.

La nne, ambalo husahauliwa zaidi, ni siku ya kuondoka. Mashirika ya miaka ya 1980 hayakuandika nini kitatokea kwa timu endapo yenyewe yatabadilika. Makubaliano ya leo yanaweza kueleza kwamba mmiliki akiamua kuachana na klabu, mkoa au halmashauri ipewe nafasi ya kwanza ya kuipokea, pamoja na jina, rekodi na vijana wake.

Mwenye timu ni nani?

Katika suala la Tabora kuna jambo linaloitofautisha TRA na mwekezaji binafsi. Tajiri akinunua klabu, anatumia fedha zake na kujibu kwa nafsi yake. TRA ni chombo cha umma kilichoanza kazi Julai 1996 kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1995. Matumizi ya taasisi za umma hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake huwasilishwa bungeni. Kwa hiyo, mlipakodi wa Ipuli aliyekosa daftari la wanachama ana njia nyingine ya kuuliza: ana mbunge, ana diwani na ana taarifa ya ukaguzi.

Hilo linaupa uamuzi huu uzito wa pande zote mbili. Kwa upande mmoja, mwananchi ana haki ya kuelezwa klabu inagharimu kiasi gani, inaingiza nini na inalingana vipi na jukumu la msingi la kukusanya mapato. Kwa upande mwingine, klabu iliyo chini ya chombo cha umma ina nafasi nzuri zaidi ya kuonyesha mfano wa uwazi: hesabu zinazochapishwa, mikataba ya wachezaji inayoheshimiwa na kodi za klabu zinazolipwa kwa wakati. Timu ya mamlaka ya mapato ikifanya hivyo, klabu nyingine zitakosa kisingizio.

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba biashara ya karne ya 19 mabegani mwao, na reli ya kutoka pwani ilifika mwaka 1912. Mji wa namna hiyo unajua kumkaribisha mgeni mwenye mali, na unajua pia tofauti kati ya msafara unaopita na mtu anayepiga kambi, akachimba kisima na kupanda mwembe. TRA United imekuja na mali. Wakazi wa Ipuli watajua kama imekuja kukaa pale ahadi za makazi, jina, vijana na siku ya kuondoka zitakapokuwa zimeandikwa mahali wanapoweza kuzisoma.